Dakika ya Wairimu

Enzi zetu, ukitaka kujua mtu wa Thika alisomea wapi, ulimwuliza tu kengele yao ilikuwa kitu gani. Kulikuwa na shule zenye kengele ya shaba, na waliosoma huko wanajivuna mpaka leo. Yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi nyuma ya ofisi, na monita aliigonga kwa bolti kubwa kana kwamba rimu ile ilikuwa imemkosea. Ikilia, mbwa wote wa mtaa wetu wa Ngoingwa waliitikia, nasi tuliokuwa bado njiani tulishika viatu mkononi na kutimua mbio, kwa sababu viatu vilikuwa vya kuvaliwa darasani, si vya kukimbilia.

Ngoingwa yenyewe haikuwa hii ya maghorofa na bodaboda. Ilikuwa mahindi, migomba na ua wa kayaba uliokuchana mapaja ukijaribu njia ya mkato. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu ulitupanda mpaka magotini, ukakauka huko, na tukashinda siku nzima tukiubandua kama maganda ya viazi. Malori ya mananasi yalipita barabarani yakiacha harufu tamu iliyotutesa saa nne asubuhi, wakati uji wa nyumbani umekwisha tumboni na githeri ya mchana, mahindi kwa maharagwe, bado imefungiwa kwenye mkebe uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Wasichana tuliruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka shingoni. Mtoto wa siku hizi ukimpa kamba ya blada atakuuliza inachajiwa wapi.

Watu wa rika langu wakisimulia haya huishia kuwahurumia watoto wa leo. Maskini, wanasema, hawajui bano za gololi, hawajui kujificha kwa brikicho, wanaletwa shuleni kwa gari kama mizigo. Mimi siwahurumii. Nawaonea wivu, na wivu wangu una jina. Unaitwa Wairimu, una miaka saba, hauna meno mawili ya mbele, na uko gredi ya pili katika shule ya umma kule Gitothua, Ruiru. Ni binti wa kaka yangu Kamau, nami ni tata yake, yaani shangazi.

Ili mnielewe, lazima niwarudishe darasani.

Mwaka ule serikali ilipoondoa karo tulimiminika shuleni kama siafu. Dawati la watoto watatu likabeba watano, na wa pembeni walikalia nusu ya tako. Kitabu kimoja kilikuwa cha dawati zima. Mwalimu wetu, Mwalimu Ndirangu, alikuwa mtu mwema mwenye sweta ya kijivu na sauti iliyokwisha kwa kutushinda makelele, na alikuwa na njia moja ya kufundisha kusoma, ambayo nadhani wengi wenu mnaikumbuka. Kusoma kwa zamu. Zamu ilianzia dirishani, kwa mtoto wa kwanza wa mstari wa kwanza. Alisimama, akasoma ukurasa, akaketi. Wa pili akasimama, akasoma ukurasa ule ule. Hivyo hivyo, mstari baada ya mstari, mpaka zamu ikafika ukutani, karibu na mlango. Hapo mlangoni ndipo nilipokaa mimi. Watu walidhani napenda upepo.

Sikujua kusoma. Herufi nilizifahamu kwa majina, kama unavyofahamu watu wa kanisani unaowaona kila Jumapili bila kujua wanaishi wapi. Zikiwekwa pamoja ziligeuka uzio. Lakini nilikuwa na masikio. Nyanya yangu, Cucu Nyambura, mama ya baba, ambaye jina lake ndilo langu, alinisimulia hadithi jikoni tangu sijaanza kutembea vizuri, na alipokosea kwa makusudi nilimrekebisha. Basi zamu ilipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kuusikia ukurasa ule mpaka nimechoka nao. Nilisimama, nikashika kitabu kwa mkono wa kushoto, nikapitisha kidole cha kulia chini ya maneno, nikasoma kwa sauti ya kupanda na kushuka, nikipumzika pale watu wanapopumzika. Mwalimu alifumba macho akisikiliza. Aliwaambia wenzangu, sikieni Nyambura, hivyo ndivyo watu husoma.

Mara moja tu nilikaribia kuonekana. Mtu alikuwa amemwagia kitabu chetu uji na kurasa mbili zikagandana. Nikasimama kwa madaha yangu, nikaanza kusoma habari za harusi, mapishi na ngoma, kidole kikitembea taratibu chini ya picha kubwa ya ng'ombe akiogeshwa dawa ya kupe. Wenzangu wa dawati wakaona. Kicheko kikaanzia mlangoni kikafika dirishani. Mwalimu Ndirangu akaja, akatazama kitabu, akanitazama. Kwa muda mfupi, mfupi sana, nilitumaini kwamba amejua. Moyo ulinidunda kwa hofu na kwa furaha pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Nyambura," akasema, "kumbe wewe ni mchekeshaji. Leta mkono."

Nilichapwa kwa kosa la kufanya mzaha. Viganja viliwaka mpaka wakati wa kwenda nyumbani, na tangu siku hiyo, kabla ya kusimama, nilihakikisha picha inafanana na hadithi.

Sifa zangu zikafika kanisani. Ilipokaribia Jumapili ya Watoto, walitaka mtoto wa kusoma neno mbele ya watu wazima, na nani mwingine kama si yule wa Mama Kamau? Wiki nzima Mami alinifanyisha mazoezi. Alipiga nguo pasi ya makaa, Biblia imefunguliwa kwenye kona ya meza, akasoma mstari, nami nikasoma nyuma yake. Sikuitazama Biblia. Nilitazama mdomo wake. Naukumbuka mdomo ule kuliko kitu chochote cha utoto wangu: jinsi midomo ilivyokutana kabla ya neno, jinsi ulimi ulivyoonekana kidogo kwenye pengo la meno ya mbele, harufu ya chai ya tangawizi ikija na kila sentensi. Jumapili ilipofika nilipandishwa kwenye stuli nikasoma sura ile bila kukwama. Wazee walipiga makofi. Mami alikuwa amevaa gauni lake la kijani na hakuweza kuketi. Alibaki amesimama hata baada ya wengine kuketi, kama aliyesahau magoti yanakunjwaje.

Baada ya hapo, nani angeniuliza kama najua kusoma?

Nilijifunza mwenyewe, nikiwa darasa la tano, kwa bahati. Cucu Nyambura alizeeka macho na akaanza kunikalisha karibu naye kanisani nimshikie kitabu cha nyimbo. Nyimbo za Kikuyu nilizijua zote kwa moyo. Yeye aliimba akisukuma kidole chake chini ya kila kipande cha neno, polepole kama anayetembeza konokono, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa utotoni mwake. Jumapili moja niliona kwamba sauti inayotoka kinywani mwangu ipo hapo karatasini, chini ya ukucha wake. Jumapili iliyofuata nikaiona tena, ukurasa mwingine. Nilijifunza kusoma wimbo baada ya wimbo, nikitembea nyuma ya kidole cha mwanamke ambaye hakujua kuwa ananifundisha. Alikufa bila kujua. Mpaka leo nikisoma kimoyomoyo huwa naimba kidogo.

Sasa nina vitabu viwili vyenye jina langu mgongoni, na chumba cha kupanga Kamakis ambako moshi wa nyama choma hupanda mpaka dirishani na kunisumbua nikiandika. Nyumbani kwetu wanaamini mtu anayeandika hana kazi. Kwa hiyo siku Mwalimu wa Wairimu alipomwita mzazi shuleni, Kamau, ambaye hupangwa zamu kiwandani na hawezi kutoka hivi hivi, alinipigia simu mimi.

"Ati wanataka kumweka kwa kikundi cha watoto hawawezi," alisema. "Huyo mtoto ako na jina la Mami. Enda uwaambie hiyo kitu haiwezekani. Waambie tata yake alikuwa anasoma kanisani akiwa mdogo kumliko."

Hapo ndipo pana uzito wa jambo lenyewe. Kwa desturi yetu binti wa kwanza wa Kamau aliitwa kwa jina la mama yetu, Wairimu, na Kamau hamwiti mtoto kwa jina. Humwita Maitu, yaani mama yangu. Kumtoa Maitu darasani na kumpeleka pembeni na watoto wazito kulikuwa, machoni pake, kumtoa Mami mbele ya watu. Na ushahidi wake kwamba nyumba yetu haizai watoto wasiojua kusoma ulikuwa mimi.

Nilifika shuleni wakati wa mapumziko. Mwalimu Gathoni, msichana mdogo kuliko mimi mwenye nywele za kusukwa na viatu vya mpira, alikuwa ameweka viti viwili chini ya paa la baraza, mbali na kelele. Aliniomba nisubiri amalize mtoto mmoja. Nikasimama karibu na nguzo nikatazama.

Alimpa mtoto karatasi yenye hadithi fupi. Alinieleza baadaye kwamba ni hadithi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona wala kuisikia. Akaweka simu mapajani ihesabu dakika moja. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. Ni hayo tu. Mtoto akakwama; hakumfokea wala kumpa neno. Akakwama tena, mwalimu akaweka alama ndogo na kuendelea kusikiliza kana kwamba hakuna shule wala wenzake mamia wanaopiga kelele uwanjani, kuna sauti hii moja tu. Dakika ikaisha. Akamshukuru mtoto, akamwita mwingine. Kila mtoto wa gredi ya pili alipata dakika yake, mwanzoni mwa mwaka, kabla mtu yeyote hajajua nani ni mwerevu.

Sijui nilivyokuwa usoni. Ndani yangu nilitaka kumwinua yule mtoto kitini nikae mimi. Kumbe ni kitu kidogo hivi? Karatasi mpya, dakika moja, sikio la mtu mzima. Mwalimu Ndirangu alikuwa na sikio pia.

Mwalimu Gathoni aliniambia Wairimu anakijua kitabu cha darasa chote, ukurasa kwa ukurasa, na anakisoma vizuri kuliko wengine. Alipopewa hadithi ngeni alisoma "na" na "ya," kisha akanyamaza na kumtazama mwalimu usoni.

"Huyu ana masikio makali sana, tata," alisema. "Yanamsaidia mpaka yanamficha. Nikimwacha atapita hivyo hivyo mpaka gredi ya tano, na hapo itakuwa ngumu."

Nilimuuliza, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida, alijuaje. Alisema ni rahisi, ukimsikiliza akiwa peke yake.

Alinionyesha kadi za silabi alizokata kutoka maboksi ya maziwa. Kikundi kilikuwa cha watoto watano, kila asubuhi kabla ya gwaride: sauti, silabi, maneno, kisha hadithi fupi, na baada ya wiki kadhaa angewapima tena, na anayeweza kusoma anarudi kwa wenzake. Kingeanza Jumatatu. Mzazi akikataa hangeweza kumlazimisha, na kuna wengine waliokuwa wakiingoja nafasi hiyo. Alisema wazazi wengi hukataa. Wanakumbuka mstari wa nyuma wa shule zao, ule wa walioitwa wajinga.

Nilitembea mpaka barabarani nikiwa na maneno mawili mdomoni ya kumwambia Kamau. La kwanza lilikuwa, mkubalie. La pili, na sioni kwa nini niwafiche ninyi tuliosoma pamoja, lilikuwa, mwache. Mbona mimi nilifika? Mbona hakuna aliyenikatia kadi za maboksi ya maziwa? Mwache apitishe kidole chake chini ya ng'ombe kama sisi. Wivu ukishapata sababu nzuri huongea kwa adabu kabisa.

Nikamwambia tu kwamba tukutane Ngoingwa Jumapili. Mkewe alikuwa amekubali tangu mwanzo, ila alisema mwenye jina aulizwe. Mwenye jina ni Mami.

Mami alitupokea akikanda unga wa chapati. Alimsikiliza Kamau mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kamau akaeleza jinsi watu wa mtaani watakavyosema, akaeleza mstari wa nyuma, akanitaja mimi na stuli ya kanisani. Halafu akamwambia mtoto alete kitabu asomee cucu wake. Wairimu akasimama kati ya sufuria na mlango, akasoma. Alisoma kwa kupanda na kushuka, akipumzika pale watu wanapopumzika, kidole kikifuata. Ilikuwa kama kutazama picha yangu ya zamani ikianza kusema.

"Si umesikia?" Kamau akaniuliza.

Nilisikia. Nikasogea mezani, pale Mami alipokuwa amenyunyiza unga ili chapati zisishike, nikaandika kwa kidole: Paka amelala.

"Maitu, nisomee hii," nikasema.

Wairimu akautazama unga. Akatazama herufi ya kwanza, ya pili. Kisha taratibu, bila aibu, kama mtu anayegeukia mahali alipozoea kuteka maji, akainua macho na kuutazama mdomo wa Mami, akingoja ufunguke.

Mami aliacha kukanda. Alimtazama mtoto yule mwenye jina lake, akakaa hivyo. Maji ya chai yakachemka na kumwagika, hakuna aliyenyanyuka. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa ya mtu anayehesabu miaka kurudi nyuma.

"Hata wewe ulikuwa unaniangalia hivyo," akasema. "Ile wiki ya kanisa, nikipiga pasi."

Nilipangusa unga kidoleni.

"Na mimi nilikuwa nafikiria ni kunipenda."

"Ilikuwa kukupenda pia, Mami."

Kamau alitutazama mmoja baada ya mwingine akitaka aelezwe. Hakuelezwa. Mami alifuta yale maneno mezani kwa kiganja, akachukua donge lingine, na alipokuwa akilisukuma alimwambia Kamau kwamba jina ni lake, na kwa hivyo jina litaenda kwa kile kikundi Jumatatu, na likiwahi kabla ya kengele litakuwa limefanya vizuri.

Kengele yao ya Gitothua ni ya umeme, inalia kama friji iliyoharibika. Mbwa hawaijali. Watoto hawakimbii, wanashuka na mifuko ya magurudumu, na wakipata tone la matope kwenye soksi wanataka kurudishwa nyumbani. Hawatajua mananasi yananukiaje saa nne asubuhi ukiwa na njaa. Katika hayo yote nawashinda, na ningeyatoa yote, blada, rimu ya lori, mpaka gauni la kijani likiwa limesimama peke yake kanisani, nipate ile dakika moja nikiwa na miaka saba.

Juzi Wairimu alituletea kitabu kipya. Anasoma vibaya. Anavunja maneno kama anayevunja kuni, anarudi nyuma, anakosea, anacheka, na hakuna anayecheka naye isipokuwa akitaka. Mimi nilisoma vizuri nikitetemeka. Yeye anasoma vibaya bila woga, mbele ya baba yake. Katikati ya ukurasa alikwama kwenye neno refu. Sote tulilijua. Kamau alishika magoti yake ili asiliseme. Na mtoto, kwa mazoea, akainua macho kumtafuta cucu wake.

Mami alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Alikishikilia hapo kwa mkono wake wenye unga, macho yakimcheka mtoto juu ya kitambaa. Wairimu akangoja. Alipoona mdomo hautoki kitambaani, akarudi kwenye karatasi, akaliokota lile neno kipande kwa kipande mpaka likawa lake.

Nami nilikuwa pale pembeni, mtu mzima mwenye vitabu viwili, nikimwonea wivu mpaka macho yakalowa. Enzi zetu mdomo ule ulikuwa wazi, ukinipa kila neno.